Ubao wa Kiti cha Nyuma

Saa nne asubuhi Gaudiosa alikuwa amepiga magoti ndani ya gari la watu, kichwa chini ya kiti cha nyuma, tochi mdomoni, huku binti wa mwenye gari, Mzee Othman, akimsimamia kama mwalimu wa zamu.

"Umeona?" aliuliza Swalha.

"Naona ubao mpya."

"Basi umeona nilichokiona. Andika, dada, tupeleke polisi."

Gaudiosa alitoka kinyumenyume, akajipangusa vumbi la msasa. Alikuwa mkaguzi wa polisi kwa miaka kumi na mmoja huko Mwanza, kitengo cha vielelezo, kabla ufadhili haujamleta Guangzhou kusomea udaktari wa sayansi ya metali. Wenzake chuoni walimwita daktari mtarajiwa; wafanyabiashara wa Kitanzania, ambao vyeo vinavyotarajiwa hawavithamini sana, walimwita Afande. Jana mwenyekiti wa jumuiya yao alimwomba jambo moja tu: ajue ni nani aliyeuondoa ubao wa zamani, kabla mwenzao hajaharibikiwa.

Mwenzao huyo alikuwa Jaffari, wakala wa mizigo. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kinakwisha kesho, na kibali hakiongezwi iwapo pana shtaka kituoni, liwe la kweli au la uzushi. Swalha alikuwa nalo shtaka tayari, limeandikwa kwa Kichina na mkalimani, limekunjwa mkobani. Saa tisa alasiri kontena lingefungwa na kuelekea bandari ya Nansha; naye angekwenda kituoni. Miaka kumi na miwili ya Jaffari katika mji huu ilikuwa ndani ya mkoba ule.

"Hebu nieleze tena habari ya chale," alisema Gaudiosa.

Swalha aliuweka mkono juu ya mlango wa gari. Lilikuwa Packard la mwaka 1937, refu kama ukumbi wa harusi, kijani kibichi, lenye paa la turubai lililokunjwa nyuma kwa unadhifu wa shuka la hospitali. Babu yake, fundi mkuu wa shamba la mkonge karibu na Muheza, alilipata mwaka 1951 kwa Mgiriki aliyekuwa akirejea kwao. Tangu hapo halikutoka mikononi mwa ukoo. Likaozesha mabibi harusi, likazika wazee, likalala miaka ishirini bandani likitagiwa mayai na kuku, hata mwaka jana wakakubaliana liletwe Guangzhou, kwenye karakana hii ya Panyu, lifufuliwe.

"Kwetu mtoto hatoki nje mpaka arobaini yake itimie," alisema. "Siku hiyo hupandishwa humu, akazungushwa mjini. Wakirudi, baba yake hufungua kiti cha nyuma na kukata chale moja kwenye ubao. Babu alikata tano. Baba akakata tatu: ya kaka Haroun, ya marehemu dada yetu, na yangu mimi. Nane. Na babu aliacha wasia: gari ni la kila mwenye chale."

"Na asiye na chale?"

"Ni mpita njia. Mwezi wa Ramadhani alikuja mwanamke getini kwetu. Edina. Eti ni mtoto wa baba. Mama yake alikuwa mpishi wetu zamani, marehemu Agripina, na eti baba alimwoa kwa siri. Baba amepooza, hasemi. Yule mwanamke akasema, tazameni chini ya kiti cha nyuma, mtaikuta chale yangu. Mama yangu alizimia palepale. Nimekuja huku nizipige picha zile nane, nimfunge mdomo. Nafungua kiti, nakuta ubao mtupu kama sahani iliyorambwa."

"Na Jaffari anaingiaje?"

"Jaffari na Edina wanajuana. Anampelekea mizigo Tanga. Mmoja ana sababu, mwingine ana njia. Hesabu ngumu hiyo?"

Msimamizi wa karakana alikuwa Mkantoni mwembamba ambaye kwa wageni alijiita Robert. Gaudiosa alizungumza naye Kichina, na Robert, aliyezoea wateja wenye maneno mawili tu, lile la kumwita bosi na lile la kukataa bei, alimjibu kwa heshima. Alileta daftari. Tarehe kumi na nane Machi, masanduku mawili ya mbao zilizooza yalikabidhiwa kwa wakala. Sahihi: Jaffari.

"Si umeiona sahihi?" alisema Swalha. "Au na hiyo inahitaji tochi?"

Gaudiosa aliomba albamu ya kazi. Karakana hii ilikuwa na desturi ya kupiga picha kila hatua na kuipa kila picha namba, ili mteja aliye mbali aone alichotendewa. Aliipitia kwenye tableti ya Robert, taratibu. Picha ya 140 ilifuatwa na ya 144.

"Hizi tatu ziko wapi?"

"Hazikutoka vizuri. Nilizifuta."

"Picha mia tatu na kumi zimetoka vizuri, hizi tatu tu ndizo zikakataa?"

Robert alitabasamu tabasamu la mtu anayefunga dirisha. Kisha akageukia meza yake ya kazi na kuanza kuchambua misumari midogo ya kupigilia ngozi, aliyokuwa akiihifadhi katika kikapu kidogo cha ukili, kama vile vya kufungia halua kule pwani.

Gaudiosa alirudi garini. Safari hii hakuutazama ubao, aliitazama ngozi. Ukingo wa ngozi ya kiti ulipigiliwa ubaoni kwa misumari ishirini na minne. Aliomba koleo, akang'oa mmoja, wa pili, wa tatu. Kila mahali palikuwa vilevile: ngozi ilikuwa na matundu mawili yaliyokaribiana, lakini ubao ulikuwa na tundu moja tu.

"Swalha, njoo uone. Ngozi hii imepigiliwa mara mbili. Ubao huu umepigiliwa mara moja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mara ya kwanza ngozi ilipigiliwa kwenye ubao mwingine." Alimwonyesha picha ya 139. "Hapa fundi amemaliza kiti. Tarehe mbili Aprili. Tundu moja moja. Ubao wenu ulikuwa bado humu tarehe mbili Aprili. Masanduku ya Jaffari yalitoka wiki mbili kabla. Kilichokuwa ndani yake ni mbao nyingine."

Swalha alizitazama tarehe kama mtu anayetazama bei ya kitu alichokwisha kukinunua.

"Angeweza kurudi," alisema.

"Angeweza. Ndiyo maana nakwenda kumwuliza."

*

Soko la nguo la Shahe lilikuwa limefurika kama kawaida yake; robota za nguo zilipita juu ya vichwa vya watu, na waliozibeba hawakuonekana. Jaffari alikuwa ghorofa ya tatu, kati ya milima miwili ya suruali za jinzi.

"Afande! Umekuja kunikamata au kununua suruali? Maana kiuno chako nakijua, pingu zako sizijui."

"Kaa chini, Jaffari."

"Nikikaa nitalia. Niache nisimame." Uso wake haukucheka. "Uliza."

"Edina ni nani kwako?"

"Mteja. Anauza madera Tanga, mimi namtumia. Kumtumia mtu madera kumekuwa undugu?"

"Aliwahi kukuomba nini kuhusu lile gari?"

Jaffari alikung'uta suruali ambayo haikuwa na vumbi. "Mwezi wa Januari aliniomba nikapige picha ubao ulio chini ya kiti cha nyuma. Picha moja tu, kaka Jaffari, nami nitakuombea mpaka nife. Nikamwambia, dada, hayo ni mambo ya nyumba ya watu, mimi ni mbeba mizigo. Nikakataa. Nilijiona muungwana." Aliinua macho. "Ningeipiga picha ile, Afande, leo ingekuwepo. Uungwana wangu ndio huu unaonitia kitanzi."

"Aprili ulikuwa wapi?"

Alitoa pasipoti mfuko wa ndani, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuombwa. Muhuri wa uwanja wa ndege wa Baiyun: kutoka, tarehe ishirini na nane Machi, kuingia, tarehe kumi na tisa Aprili.

"Nilikwenda Korogwe kumzika mama."

"Pole sana. Ulirudi na chochote kwa watu wa karakana? Zawadi? Halua?"

"Halua? Afande, nilirudi na msiba."

Gaudiosa alifungua simu na kuikuza picha ya 144, ya tarehe kumi na mbili Aprili, ya kwanza baada ya pengo. Kiti kilikuwa kimepigiliwa upya. Matundu ya pili yalionekana wazi. Nyuma ya kiti, juu ya meza ya Robert, kilionekana kikapu kidogo cha ukili, na ubavuni mwake karatasi ya rangi nyekundu.

"Mtu wa kwetu akienda kwa watu," alisema polepole, "huenda mikono mitupu?"

"Astaghfirullah. Hata kwa adui haendi mikono mitupu."

"Basi twende. Funga duka."

"Na suruali?"

"Hazitatoroka. Wewe ndiye utakayefukuzwa."

*

Saa nane na nusu dereva wa kontena alikuwa ameshaifungua milango ya nyuma. Swalha alisimama kivulini pamoja na kaka yake, Haroun, mtu mnene mwenye sauti ya upole na kanzu isiyo na kunyanzi, aliyewasili Guangzhou juzi kusimamia upakiaji. Alipomwona Jaffari akishuka kwenye teksi alimgeuzia uso ukutani.

Gaudiosa alimwacha Jaffari getini, akaenda kwanza kwenye meza ya Robert. Alikimwaga kikapu, misumari ikatawanyika, akaisoma karatasi nyekundu ubavuni. Halua ya lozi, imetengenezwa Tanga, tarehe tatu Aprili.

"Ilikuwa tamu?" alimwuliza Robert kwa Kichina.

"Tamu mno. Inanata menoni."

"Sikuulizi nani aliileta. Nakuuliza kuhusu ubao ulioutoa. Ulikuwa na chale ngapi?"

Robert aliwatazama ndugu wawili kule kivulini, kisha akaitazama saa. Labda aliona kwamba kuhesabu si kusema siri ya mteja.

"Tisa," alisema. "Nakumbuka kwa sababu sisi tunaipenda tisa. Ni namba ya kitu kinachodumu. Nilimwambia mwenye gari: usiutoe, una bahati. Akasema uutoe, uutie moto, na picha uzifute. Alisimama pale kwenye pipa mpaka ukawa jivu. Gari ni lake. Ningefanyaje?"

Gaudiosa aliwaendea.

"Bwana Haroun, tangu ulipolikabidhi gari mwaka jana, umewahi kurudi China kabla ya juzi?"

"Sijawahi."

"Aprili ulikuwa wapi?"

"Mombasa. Mambo ya vigae. Swalha anajua."

"Najua alivyoniambia," alisema Swalha.

"Kuna kikapu cha halua ya Tanga juu ya meza ile. Imepikwa tarehe tatu Aprili, na tarehe kumi na mbili kikapu chake kimo kwenye picha ya hapa. Ilipanda ndege peke yake?"

Haroun alicheka. "Halua inauzwa hapa mjini, bibie. Waswahili tumejaa."

"Inauzwa. Basi nipe pasipoti yako nione mihuri, nikuombe radhi mbele ya dada yako."

Haroun hakuisogeza mikono.

"Kaka," alisema Swalha, "mpe."

"Swalha, twende tukapakie gari."

"Mpe pasipoti, kaka."

Dereva wa kontena alipiga honi fupi ya kuuliza. Hakuna aliyegeuka.

"Zilikuwa tisa," alisema Gaudiosa. "Si nane. Aliyeuchoma ubao hakuogopa zile nane. Hizo kila mtu anazijua. Na Edina hawezi kumtuma mtu auchome, kwa kuwa ule ubao ndio shahidi pekee aliyebaki kwake. Baba yenu hasemi, mama yake ni marehemu. Nani mwenye kesi humchoma shahidi wake mwenyewe?"

Swalha alimgeukia kaka yake.

"Mama angekufa," alisema Haroun hatimaye, kwa sauti ileile ya upole. "Ulimwona alivyoanguka pale getini. Nilikuja nithibitishe kwamba yule ni mwongo. Wallahi, nilikuja kwa nia hiyo. Robert akafungua kiti, nikahesabu. Nikahesabu tena kwa kidole. Ya tisa baba aliikata kando kidogo, ndogo, kama mtu anayeandika kwa aibu. Lakini mkono ni wake, namna ileile ya kulaza kisu. Nikasema: au mama yangu, au kipande cha mti. Wewe ungechagua nini?"

"Na mimi nikaja kumsingizia mtu," alisema Swalha.

"Sikukutuma umsingizie mtu. Nilikuambia uliache lipite."

"Ulikaa kimya, kaka. Juzi na jana, umekaa unanitazama nikiandikisha barua."

Kutoka getini Jaffari aliwatazama, asisikie neno. Gaudiosa alinyoosha mkono.

"Nipe ile barua. Nitaandika ripoti sasa hivi: ubao wenye chale tisa, aliyeuchoma, siku aliyouchoma. Jumuiya itapata nakala, na Edina atapata nakala."

Swalha alifungua mkoba, akaitoa barua. Lakini hakuiachia. Aliitazama kwa muda, na alipoinua uso, ulikuwa umetulia kwa namna iliyomfanya Gaudiosa aushushe mkono wake mwenyewe.

"Kituo cha polisi kiko mtaa wa pili," alisema Swalha. "Kuandikisha shtaka ni nusu saa. Wewe na matundu yako mtahitaji siku ngapi kumsafisha Jaffari?"

"Wiki mbili. Labda tatu."

"Na kibali chake ni kesho."

"Unajua kwamba hana kosa."

"Sasa najua. Jana sikujua, na jana nilikuwa mtu bora kidogo. Dada Gaudiosa, baba yangu anakufa. Mama nimebaki naye huyo mmoja. Barua hii nitaichana mbele yako. Lakini hapatakuwa na ripoti ya chale tisa. Na Edina utamwambia wewe."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umekagua gari lote, na chale yake hukuiona. Akisikia kwangu atasema ni chuki, ataendelea kuja getini. Wewe huna nyumba yetu wala mirathi yetu. Wewe atakuamini."

Haroun alikuwa akiitazama ardhi. Saa ya ukutani karakanani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi. Dereva alikuwa ameteremka, akiashiria kwa mikono kwamba foleni ya Nansha haimngoji mtu. Mafundi wanne walilisukuma Packard taratibu kwenye daraja la chuma. Lilipanda bila kelele, kila kipande chake kikiwa mahali pake, ila kimoja.

Gaudiosa alimtazama Jaffari. Alikuwa ameiweka pasipoti kifuani kwa mikono yote miwili, kama watu wanavyoshika kikombe cha moto.

"Mpigie," Gaudiosa alimwambia Swalha.

Swalha alibonyeza namba na kumpa simu. Iliita mara tatu. Kwa nyuma ilisikika cherehani, kisha ikakoma.

"Naam, nani mwenzangu?"

"Naitwa Gaudiosa. Nipo Guangzhou. Nilikuwa mkaguzi wa polisi. Nimeombwa nilikague gari la Mzee Othman."

"Gaudiosa," ilisema sauti. "Wewe Mkristo mwenzangu. Basi utanieleza ukweli. Umefungua kiti cha nyuma?"

"Nimefungua."

"Umeingiza kichwa kabisa, dada? Maana mama alisema iko pembeni, ndogo, mtu asiyejua hawezi kuiona."

"Nimeingiza kichwa. Nilikuwa na tochi."

"Umeiona?"

Mbele yake Swalha alikuwa ameishika barua kwa ncha za vidole, tayari kuichana.

"Sikuiona," alisema Gaudiosa.

Hapakuwa na kilio. Palikuwa na pumzi moja ndefu, kama ya mtu anayetua ndoo.

"Mama aliniambia kitandani, siku mbili kabla hajafa," alisema Edina. "Nikamwapia nitaitafuta. Kumbe na yeye alinidanganya." Akangoja, pengine akitumaini kukanushwa. "Ahsante, dada. Angalau wewe umenieleza. Sitawasumbua tena wale watu."

Simu ilikatika. Swalha aliichana barua mara mbili, mara nne, akaviweka vipande mkobani, kwa kuwa hapakuwa na pa kuvitupa. Milango ya kontena ilifungwa, na mtu wa forodha akapiga lakiri.

Jaffari alikuja mbio kutoka getini.

"Imekwisha, Afande?"

"Imekwisha. Nenda ukaongeze kibali chako."

"Nilijua! Nilimwambia mke wangu: huyu dada hasemi uongo." Aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akautikisa. "Ni nani basi? Nani aliuchukua?"

Gaudiosa aliuvuta mkono wake taratibu mpaka ukawa huru.

"Wahi, Jaffari," alisema. "Ofisi inafungwa saa kumi na moja."